Dume Namba 214

Baba yangu hakuwahi kuumwa. Muulize yeyote aliyemfahamu pale mtaani kwetu Iftin na atakwambia hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo mzee mwenyewe alivyowaambia wote. Ukimuuliza hali asubuhi, atasema alhamdulillah. Ukimkuta amejikunja kwenye mkeka, jasho linamtoka, ukauliza tena, atasema alhamdulillah, kisha atakuuliza habari za mbuzi wako mpaka usahau kilichokuleta. Kwake yeye, kutaja maumivu mbele ya watu kulikuwa kumlalamikia Mungu, na tena kuwafungulia mlango wenye macho mabaya. Ilikuwepo sababu ya tatu ambayo hakuisema: mzee akijulikana ni mgonjwa huambiwa apumzike, na akishapumzika, watu wengine ndio huenda kuwaona ngamia wake.

Waliokuwa wakiumwa ni ngamia. Habari zao alizitoa bila kuombwa. Aliweza kukueleza kikohozi cha ngamia jike aliyekufa kabla sijazaliwa, kikohozi cha mama yake jike huyo, mti uliochemshwa magome yake, na nani alikataa kuyachemsha. Niliyajua haya tangu utoto, lakini ilibidi nifanye kazi ya kompyuta ndipo niyaelewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, mradi mmoja wa mifugo ulifungua ofisi Garissa nami nikaajiriwa kuwa mpiga chapa. Nilikuwa nimevuka daraja la Tana kwenda Nairobi kusomea kazi hiyo (wazee wetu wakisema mtu amevuka daraja, humaanisha amekwenda Kenya) na nikarudi na cheti kimoja na maringo ya vyeti vinne. Kompyuta ilikuwa moja tu. Ilikuwa na chumba chake, pazia lake na feni yake. Sisi wenye damu tulitokwa na jasho, yenyewe ikipepewa. Ukiingia chumbani humo unavua viatu kwa ajili ya vumbi. Hata mkuu wetu, daktari wa mifugo aliyetoka bara kwenye baridi, alivua, na soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Alikuwa mtu mpole aliyeamini kila kilichoandikwa.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu ya kuweka kumbukumbu za afya ya ngamia. Kila mnyama alikuwa na ukurasa wake, herufi za kijani juu ya weusi: namba, jinsia, rangi, umri, magonjwa, dawa alizopewa, dawa zilizomdhuru, mara alizozaa, na chini kabisa kisanduku cha maelezo mengine. Vichwa vilikuwa vya Kiingereza, mimi nikijaza kwa Kiswahili changu cha shule. Wenye ngamia walikuja, wakasimulia, nikachapa. Mzee mmoja aliniuliza mashine ile inakula nini.

Siku moja katika foleni hiyo akaja baba yangu, ndevu zimepakwa hina, kofia mpya. Nyumbani tulisema Kisomali, na maneno yake ya nyumbani nayaandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida. Lakini siku hiyo mkuu alikuwepo, basi mzee akatoa Kiswahili chake cha sokoni.

"Iko dume yangu moja," akasema. "Nakunywa maji mingi."

"Mingi kiasi gani?" mkuu akauliza.

"Asubuhi nakunywa. Saa nne nakunywa. Akimaliza kunywa, iko na kiu."

Mkuu akavua miwani. Chuoni walikuwa wamemfundisha kwamba ngamia hukaa siku nyingi bila maji. "Na mkojo?"

"Hiyo usiulize, daktari. Kila saa. Hata katikati ya swala..." Baba akakohoa. "Hata saa ya swala nakojoa. Halafu miguu nawaka moto. Na macho iko na ukungu."

"Mzee, umejuaje kwamba miguu ya ngamia inawaka moto?"

Baba akamtazama kwa huruma. "Mimi nakaa na yeye miaka mingi. Sisi nasikilizana."

Mimi nikachapa bila kufikiri, maana mpiga chapa hufunzwa kutofikiri. Nilipouliza umri, baba akasema dume huyo alizaliwa mwaka ambao mvua zilikosa misimu miwili mfululizo. Nikapiga hesabu, nikaona mwaka huo ulikuwa kabla ya uhuru, kabla hata ya vita vya wazungu. Nikaandika, kompyuta ikapiga kelele na kukataa. Haikukubali ngamia wa zaidi ya miaka thelathini na tano.

"Andika thelathini, aabo," akasema baba, na nikamwona anajinyoosha mgongo. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake yeye mwenyewe, kwa hiyo mimi nilimwita aabo, yaani baba, naye akaniita mimi binti yake aabo, na hakuna aliyechanganyikiwa. Dume akapewa namba 214.

Wiki hiyo hiyo, mama alikuwa akinung'unika kwamba madumu ya maji yanakwisha kabla ya adhuhuri na hajui nani anayanywa. Nilikuwa nimesimama uani na sahani ya mkate wa anjera, nikimsubiri baba amalize kuswali nimwandalie. Akaanza, akakatiza, akachukua birika, akaenda msalani, akatawadha upya, akaanza tena. Akakatiza tena. Alipomaliza hatimaye, akaketi kwenye kiti cha kamba, akatia miguu yote miwili ndani ya beseni la maji, akafumba macho kwa raha. Kisha akajimiminia chai, nusu kikombeni na nusu mezani, na hakuona.

Basi nikamwona dume namba 214 amekaa mbele yangu na kofia yake mpya.

Nilikimbilia jikoni kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nikiwa nimeushika hivyo kicheko kikaniishia na hofu ikaniingia. Kaka yake mkubwa baba alikuwa na kiu ya namna hiyo hiyo. Alianza na kiu, akamalizia na mguu uliooza, na tulimzika bila yeye kusema hata siku moja kwamba anaumwa. Ningeweza kutoka jikoni nikamwambia baba twende hospitali. Najua ingekuwaje. Angesema alhamdulillah, halafu angeniuliza habari za mbuzi, na mimi sikuwa na mbuzi. Nikaamua kumtibu ngamia.

"Aabo," nikamwambia jioni ile, "mkuu anauliza yule dume anaendeleaje."

Alifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni. Akanieleza mambo ambayo katika miaka yangu ishirini na mbili sikuwahi kuyasikia kutoka kinywani mwake: dume huyo anavyochoka kabla ya mchana, anavyokosa hamu ya nyama, asivyohisi tena mchanga wa moto chini ya nyayo. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Na miaka miwili iliyopita, njia ya Wajir, walimdunga sindano ya penisilini kwa ajili ya kikohozi. Hata kabla sindano haijatolewa, uso ukavimba, koo likaziba, akaanguka. Wakammwagia maji. Aliiona ahera kwa macho yake."

Mama alikuwa akipepeta mchele kando yetu. Hakuinua kichwa. "Ngamia huyo nilimpepea mimi kwa kanga yangu," akasema, "na alipozinduka aliniambia alikuwa amesinzia."

Baba akaangalia juu, kwenye mabati. Mama alikuwa hajaambiwa lolote na alijua kila kitu.

Siku iliyofuata ofisini, nikaandika katika nafasi ya dawa zilizomdhuru: PENISILINI, HATARI YA KUFA. Miaka ile, ukiingia zahanati yoyote kuanzia Garissa hadi mpakani, ukiwa na kikohozi, jipu au homa, kitu cha kwanza kunyanyuliwa ni sindano hiyo. Baba alikuwa akienda kwa ngamia wake kila msimu, Wajir, halafu chini kabisa hadi Diff karibu na mpaka wa Somalia, ambako mpwa wake aliwachunga. Kila mahali angekutana na mganga mpya wa zahanati asiyemjua, na kila mganga angemuuliza historia yake, naye angejibu alhamdulillah. Sindano moja tu ingetosha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, si ule ugonjwa wa sukari ambao ile kiu ilinifanya niushuku.

Sukari ilikuwa rahisi. Nikaenda hospitalini kwa daktari mmoja wa kike, mwenyeji wetu, nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema, "Ngamia aje Alhamisi, kabla ya kunywa chai."

Baba nikamwambia kwamba magonjwa mengine ya ngamia humwingia mwenye mnyama, na kuna daktari anataka kumpima mtu anayeishi na dume yule. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Daktari akamchoma kidole, akasubiri, akaandika, kisha akamwambia kwa uso mkavu, "Mzee, damu yako inaonyesha ngamia wako ana ugonjwa wa sukari. Asiguse tena chai yenye sukari."

"Ngamia huyo," baba akaniambia tukiwa njiani, "chai ndiyo starehe pekee iliyombakia."

Vidonge alivipokea ili amfikishie mgonjwa. Kila asubuhi mama alivipanga kando ya kikombe na kusema, "Dawa ya ngamia hii hapa," naye alivimeza akiangalia pembeni, kama vile vimeingia vyenyewe. Miguu ikapoa. Madumu ya maji yakaanza kufika jioni. Na kila mwezi alikuja ofisini, akavua viatu, akatoa ripoti ya dume wake, nami nikajaza ukurasa na kuuchapisha. Madaftari ya hospitali aliyowahi kupewa zamani yaliishia kuwashia jiko, lakini karatasi iliyotoka kwenye kompyuta, yenye vile vitundu pembeni, aliikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa plastiki shingoni, pamoja na kipande chake cha utambulisho na ile kadi nyingine ambayo serikali ilitutaka sisi Wasomali wa huku peke yetu tuwe nayo. Hakujua kusoma. Ila alijua karatasi ya ngamia si ya kuwashia jiko.

Kosa langu ni kwamba sikuwafikiria wazee wenzake. Baba aliponona kidogo na kuanza tena kutembea hadi sokoni, wenzake walimuuliza siri, naye akawaambia ukweli, yaani kwamba ngamia wake anatibiwa na kompyuta. Mwezi uliofuata mzee mmoja akaja na dume anayeumwa kiuno wakati wa kurukuu. Mwingine alikuwa na dume asiyesikia kwa sikio la kushoto, hasa mke wake akisema. Alikuja mmoja ambaye dume wake, alisema kwa sauti ya chini akinisogelea, alikuwa na majike wawili na sasa anawaogopa wote. Wote walikuwa na umri wa miaka thelathini. Wote niliwapeleka kwa yule daktari wa kike, mmoja mmoja, siku za Alhamisi.

Mwisho wa msimu, programu ile ilikuwa na kazi yake ambayo nilikuwa nimeisahau. Mkuu alibonyeza kitufe, printa ikalia nusu saa, na ikatoa orodha ya wanyama wasio na faida tena: wazee, wanaougua mara kwa mara, wasiozalisha. Mbele ya kila namba palikuwa na pendekezo. Akatoka nayo barazani, ambako wenye ngamia walikuwa wameitwa, akasoma kwa sauti.

"Dume namba 214. Umri miaka thelathini. Anaumwa mfululizo. Hana faida kwa mwenyewe. Pendekezo: achinjwe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na maji yamenifika shingoni. Wazee wakaangalia vidole vya miguu yao. Mkuu, hana hili wala lile, akaendelea na 219, 223, 230, wote wachinjwe, halafu akakunja karatasi na kusema jambo hili linamtia wasiwasi sana. Madume tisa wa Iftin, wote rika moja, wote ndani ya miezi michache. Huu ni ugonjwa mpya. Atayaandikia barua makao makuu Nairobi. Na kabla hawajachinjwa angependa kuwatoa damu wote.

Baba alisimama. "Daktari," akasema, "sema kwa kombyuta hiyo dume bado iko na kazi."

"Kazi gani, mzee?"

Baba akaigeuza kofia yake kichwani.

"Yangu bia iko na kazi," akasema mzee wa kiuno, ambaye kama Wasomali wengi husema b badala ya p. "Bole bole, lakini iko."

Walicheka, na baba akacheka nao, lakini mimi nilimfahamu. Usiku ule hakula. Alfajiri nikamkuta amefunga mzigo, fimbo mkononi. Alikuwa anakwenda Diff kuwaona ngamia, na safari hii angetembea nao hadi malishoni mwenyewe. Daktari wa hospitali alikuwa amemkataza safari ndefu. Nilimkumbusha kwamba dume amekatazwa kutembea. "Dume anayekaa," akanijibu, "ndiye anayeandikiwa kisu." Mashine yangu ndiyo iliyomwambia hana faida, mbele za watu, na mimi ndiye niliyeilisha maneno.

Nilimwomba anisubiri kwenye kituo cha magari ya Wajir. Nikakimbia ofisini, nikafungua ukurasa wake, na katika kisanduku cha chini kabisa, cha maelezo mengine, nikaandika mstari mmoja: Ngamia huyu ni baba yangu, tafadhali msimdunge penisilini. Nikachapisha, nikamkimbilia, nikamtilia karatasi mpya kwenye mfuko wake.

"Imeandikwa nini kipya?" akauliza.

"Ya kawaida tu, aabo."

Akajitia hamnazo, akapanda gari.

Asubuhi hiyo hiyo nikaenda kwa mkuu na kumwambia kila kitu kabla barua ya Nairobi haijatoka. Alinisikiliza akiwa ameshika soksi yake yenye tundu mkononi.

"Tisa wote ni watu?" akauliza.

"Tisa wote, daktari. Kwenye orodha, waliobaki ni ngamia kweli."

"Nimemwambia mzazi wako achinjwe."

"Ndiyo."

Akaichana barua. Alikuwa amekasirika kwa namna ya watu wapole, yaani alinong'ona. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kukagua kumbukumbu wiki hiyo. Niwafute wazee wote kabla ya Ijumaa, na baada ya hapo tutazungumza kama bado nina kazi.

Kwanza nikawanakili wote kwenye disketi, nikaificha nyumbani ndani ya kopo la iliki. Kisha nikaanza kufuta. Programu haikukuruhusu kumwondoa mnyama hivi hivi. Kila mara iliuliza sababu: ameuzwa, amechinjwa, amekufa, amepotea. Hapakuwa na nafasi ya kueleza kwamba alikuwa mtu. Wazee wanane niliwauza bila kusita, na mzee wa kiuno alipata bei nzuri moyoni mwangu. Nilipofika 214 vidole vilikataa. Sikuweza kumuuza baba yangu, na hayo maneno mengine matatu sikuweza hata kuyatazama. Nikafunga kompyuta, nikaifunika kitambaa chake na kwenda nyumbani, nikisema wakinifukuza na wanifukuze.

Hazikupita siku kumi nikaitwa kwenye taar. Hiyo ilikuwa redio ya upepo, kwenye duka moja la Iftin, ambayo watu walizungumza nayo na jamaa zao walio mbali. Unasema, unaachia kitufe, unasubiri. Kila aliye dukani anasikia, na kila aliye dukani ana maoni. Kulikuwa na kina mama sita wakisubiri zamu zao. Sauti ya mpwa wa baba ikatoka kwenye mkwaruzo, kutoka Diff.

Akauliza niko na nani. Nikamwambia niko na watu. Akaelewa, maana naye ni mtoto wa nyumba ile ile.

"Yule dume mzee," akasema, "alikanyaga mwiba hakuusikia. Ametembea nao siku mbili ndani ya mguu. Mguu ukavimba, homa ikampanda, akawa hajui alipo. Tumembeba hadi zahanati."

"Walimdunga?" nikauliza.

Nikaachia kitufe. Mkwaruzo. Mkwaruzo tena. Mama mmoja nyuma yangu akasema maskini, dume mzee huwa haponi mguu.

"Sindano ilikuwa tayari imejazwa," ikasema redio. "Mganga akauliza historia. Sisi hatukujua kitu. Mzee... dume hawezi kusema. Nikatoa ile karatasi shingoni. Mganga akasoma juu, akasema nyinyi mmeniletea karatasi ya mnyama. Akataka kuitupa. Halafu akasoma chini. Akairudisha sindano kwenye sahani, akachukua dawa nyingine. Amekunywa maziwa asubuhi. Ameuliza chai."

Nililia pale pale, kwa sauti, mbele ya kina mama sita. Sikuona haya hata kidogo. Mmoja akanishika bega, akaniambia nisijiumize, Mungu atanipa ngamia mwingine. Mwingine akasema kwa chinichini kwamba wasichana wa ofisini siku hizi ni walaini sana.

Mkuu nilimsimulia asubuhi yake. Alisikiliza, akaenda mwenyewe kwenye kompyuta, akafungua 214, ambaye alijua sijamfuta. Pale kwenye pendekezo akafuta neno lililokuwepo, na kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akaandika: abaki. Akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu.

"Ile disketi iko wapi?"

"Disketi gani, daktari?"

"Wewe binti, mimi si mjinga kila siku. Warudishe, wageni wameshaondoka." Akajikuna shingo. "Na mimi nina presha. Niandike. Ila niandike ng'ombe, kwetu hatufugi ngamia."

"Programu haina ng'ombe, daktari."

Akafikiri. "Basi ngamia. Lakini andika amenunuliwa bara."

Baba alirudi baada ya wiki tatu, nyuma ya pikapu, mguu umefungwa, mwembamba, ndevu zinadai hina. Siku ya pili tu akaja ofisini. Mkuu alikuwa ametoka. Mzee akavua kiatu kimoja, akautazama mguu wenye bendeji, akaamua hautii vumbi, akaingia. Akaketi mbele ya feni ya kompyuta, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa.

"Ngamia anakusalimu," akasema.

"Ameamkaje?"

"Alhamdulillah." Akapangusa kofia yake kwa muda mrefu. "Yule mganga alinisomea karatasi yote nilipopata fahamu. Mstari wa mwisho nilimwambia arudie."

Nikaipangusa kibodi ambayo haikuwa na vumbi. Naye hakunitazama, alitazama herufi za kijani.

"Fungua ukurasa mpya," akasema. "Jike."

Nikafungua. Nikauliza rangi, akasema mweupe, zamani mweupe zaidi. Nikauliza anaumwa nini. Akasogeza kiti.

"Kiuno. Akiinuka kwenye mkeka anashika ukuta, anafikiri hatumwoni. Ukimuuliza anasema hana kitu. Jike mkaidi sana. Anawatibu wengine tu, yeye hasemi."

Programu ikauliza amezaa mara ngapi.

"Saba," akasema baba.

Sisi tulikuwa watano. Nikageuka kumtazama.

"Andika saba. Wa kwanza na wa sita hawakumaliza wiki. Kiuno kilianza na yule wa sita, na mimi nilikuwa Diff kwa ngamia, na niliporudi sikuuliza." Akanyooshea kidole kioo cha kompyuta. "Hiyo iandike vizuri, aabo, usiikosee."

Niliiandika polepole. Mstari ule ulikuwa na ukungu, na safari hii ukungu ulikuwa kwenye macho yangu mimi. Programu ikauliza umri.

"Ishirini," akasema mzee haraka. "Akisikia zaidi ya hapo, mimi na wewe hatuli leo."

Nikaandika ishirini, nikahifadhi, kisha nikamwambia amlete jike huyo Alhamisi, kabla ya kunywa chai.